Meza Haina Pa Mtoto: Kula Nje na Wadogo Huku Ng'ambo

Muulize mtu yeyote wa Mombasa pa kumpeleka mtoto wa miaka mitatu kula wikendi. Atakutajia mjini, au atakutajia Nyali. Mjini kuna Tarboush pale barabara ya Makadara, kuna upepo wa Mama Ngina. Nyali kuna majumba ya maduka yenye sakafu ya kuteleza, vyoo vyenye sabuni na vile viti virefu vya watoto. Hakuna atakayekutajia Likoni. Hakuna atakayekutajia Mwandoni wala Magongo. Na la kushangaza ni kwamba sisi tunaoishi huku pia hatujitaji.

Hebu tupige hesabu kidogo. Sensa ya 2019 ilipata watu 1,208,333 katika kaunti nzima ya Mombasa. Mvita, yaani kisiwa chenyewe, ilikuwa na watu 154,171. Kisauni peke yake ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358, Changamwe 131,882, na hapo sijagusa Jomvu wala Nyali. Yaani ukipanga watu wanane wa Mombasa kwa foleni, saba wanalala ng'ambo na mmoja tu ndiye analala kisiwani. Lakini huyo mmoja ndiye aliyewekewa viti vya watoto. (Nasema ng'ambo makusudi. Nikisema "bara" mamangu atadhani naongea habari za Nairobi.)

Mimi nina miaka 27, binti wa miaka minne, na kaka yake wa miezi minane ambaye sai anatambaa kwa kasi ya tuktuk. Chuo nilikiacha mwaka wa pili karo ilipogoma kupatikana, nikaanza kuandika mambo ya misosi kwa simu. Miaka hiyo nilikuwa nakula popote: kibandani, ukutani, juu ya kreti ya soda. Watoto walipokuja nikaanza kuziona hoteli zile zile kwa jicho jingine. Naingia mahali, na kabla sijasoma bei nishaangalia ngazi. Naangalia karai la mafuta liko hatua ngapi kutoka kwa meza. Naangalia kama kati ya kiti changu na barabara kuna mlango, ukuta, au ni hewa tupu.

Kuna wazee watauliza, kwani nyumbani hakuna chakula? Kipo. Lakini sisi tunakaa chumba kimoja Mlaleo, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na choo kimoja. Joto la Januari hadi Machi mnalijua. Mke wangu anashinda humo na watoto wawili, feni moja na redio ya jirani. Jumapili akiniambia "leo sipiki", haombi anasa. Anaomba ukuta mwingine wa kuangalia. Na kijana mwenye mshahara wa kuhesabika hawezi kila wiki kuikodishia familia gari mpaka Nyali ili mtoto apate kiti. Kwa hivyo swali la wapi tukakae na watoto huku huku mtaani si dogo kama linavyosikika. Najua vijana wenzangu wengi ambao walipata mtoto wakapotea. Maskani hawaonekani, harusi hawaonekani. Hawajagombana na mtu. Hawana tu pa kukaa na mtoto.

Ukitaka kuelewa mbona meza zetu hazina pa mtoto, tazama zilijengewa nani. Chukua Changamwe. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896, bandari ya Kilindini ikakua, na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kikaanza kazi 1963, kikafanya kazi miaka hamsini mpaka kilipoacha kusafisha mafuta ghafi 2013. Waliokuja kufanya kazi hizo wengi walikuwa wanaume, na familia waliiacha nyumbani. Hoteli zikawafuata. Benchi ndefu, jagi la maji, sinki kwenye kona na kipande cha sabuni kilichokonda, sima na matumbo, kula dakika kumi, lipa, toka, mwingine akae. Ukipita Magongo leo saa saba mchana utakuta muundo ni ule ule. Waliobadilika ni madereva wa malori ya kontena.

Likoni na Kisauni historia ni nyingine lakini tunafika pale pale. Asubuhi mama anakaanga mahamri barazani kwake, mbaazi za nazi zinatokota pembeni, na watoto wanatumwa na bakuli. Nilitumwa mimi, ulitumwa wewe. Mtoto wa Pwani amekuwa kwenye biashara ya chakula siku zote, ila yeye alikuwa mletaji. Kuliwa kunaliwa ndani, mkekani, sinia moja, mikono yote mle mle. Mwanamume akitaka kula nje anakwenda peke yake. Mwanamke akitaka chakula cha nje anafungiwa. Mpaka leo mke wangu akisimama pale kaunta, hata kabla hajafungua mdomo anaulizwa, "Nikufungie, dada?" Hakuna ubaya katika swali hilo. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza mimi.

Kwa hivyo baba, mama, na vitoto viwili kukaa kitako hotelini Mwandoni siku ya Jumapili ni jambo jipya. Ndiyo maana hoteli yenyewe haijui ituweke wapi.

Nitakupa mfano mmoja, na hoteli siitaji jina. Tuliingia wanne, saa nane, watu wamepungua. Tulipewa meza ya mwisho kabisa, ile inayogusana na mlango wa jikoni, ambapo kila sahani ya moto inapita juu ya kichwa cha mtoto. Mbele kulikuwa na meza tatu tupu. Nikamuuliza mhudumu kama tunaweza kuhamia pale penye feni. Akanijibu kwa upole kabisa, "Pale ni pa wateja, kaka." Binti yangu alikuwa amevaa gauni la Idd. Tukakaa, tukala, biriani ilikuwa tamu wallahi, na sijarudi.

Sasa nisiwe mkali upande mmoja. Nimekaa na wenye hoteli, najua hesabu zao. Hoteli ya viti kumi na sita inaishi kwa saa mbili za mchana. Mtoto anachukua kiti kizima na kula vijiko vinne. Anamwaga juisi, mhudumu anaacha wateja watano kwenda kutafuta tambara. Na kuna wazazi, tuseme ukweli, ambao wakifika hotelini wanajiuzulu uzazi. Mtoto anazunguka meza za watu na mkono una mchuzi, mama yuko TikTok, baba yuko kwa mechi. Mzee wa watu amekuja kunywa chai yake na gazeti anavutwa kanzu. Hapo hata mimi nakasirika.

Wenzetu wa mbali walilifikisha jambo hili mahakamani, karibu. Korea Kusini kuna mikahawa mingi iliyobandika matangazo kwamba watoto hawaruhusiwi, mpaka Tume yao ya Haki za Binadamu ikasema mwaka wa 2017, kwa kesi ya mkahawa mmoja kisiwani Jeju, kwamba huo ni ubaguzi. Ujerumani nako, 2018, mkahawa mmoja wa kisiwa cha Rügen ulipiga marufuku watoto wa chini ya miaka 14 kuanzia saa kumi na moja jioni. Huku kwetu hakuna atakayethubutu kubandika tangazo kama hilo. Mtaa mzima utamsuta. Sisi ubaguzi wetu hauna bango. Una meza ya karibu na jiko.

Tuje kwenye chakula, maana hapo ndipo ng'ambo inaishinda Nyali bila jasho.

Kule kwenye majumba ya maduka kuna menyu ya watoto, na menyu yenyewe ni chipsi na soseji kwa bei ya mtu mzima. Huku hatuna menyu ya watoto. Tuna nusu. Neno tamu kuliko yote kwa mzazi wa mshahara mdogo: "Nipe wali nusu, maharagwe ya nazi, bila pilipili." Mtoto ameshiba. Chapati moja na mchuzi wa kamande, ameshiba. Mahamri mawili na mbaazi hayafiki shilingi mia na wadogo wawili wanakula. Chipsi unapimiwa za hamsini. Viazi karai unahesabiwa kimoja kimoja, na kiazi karai, ukikipoza na kukivua kile koti lake, ni chakula cha mtoto kuliko kitu chochote kilichotoka kwenye boksi.

La kuangalia ni pilipili na miba. Pilipili yetu haikai pembeni siku zote. Kuna mahali imo ndani ya bajia kabisa, imo ndani ya kachumbari, na ukwaju wa kumwagia viazi nao una moto wake. Uliza kabla, si baada. Samaki, nitakwambia kile nilichofundishwa na mamangu: tafi ni mtamu lakini miba yake ni sindano, mwachie mtu mzima. Mtoto mpe nguru, kile kipande cha duara chenye mfupa mmoja wa katikati unaouona kwa macho. Njugu na bisi kwa walio chini ya miaka minne weka mbali, zinakaba. Na juisi: ya ukwaju, ya maembe, ya avokado, zote tunazipenda, lakini uliza maji yametoka wapi na barafu imetoka wapi. Mombasa tunaijua kipindupindu, haihitaji utambulisho. Mwenye juisi safi hachukii swali. Anayechukia amekujibu.

Mkate mayai ndio nitautetea mpaka kaburini. Jioni, Bombolulu, jamaa anavuta ule unga mpaka unaonekana kama karatasi, anamwaga mayai na kitunguu na nyama ya kusaga, anakunja pembe nne. Binti yangu anaweza kusimama pale dakika ishirini bila kusema neno, na yeye nyumbani hanyamazi hata akilala. Ni sinema. Anakatiwa vipande vidogo kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba tunakula tumesimama, na nyuma yetu bodaboda zinapita zikigusa nguo.

Likoni shida ni maji. Feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, hilo tushukuru, lakini hebu vuka na watoto wawili Jumapili jioni. Umembeba mmoja mgongoni, mwingine umemshika mkono kama mshukiwa, umati unasukuma, jua linachoma, na bado hujafika kwa chakula. Ajabu ni kwamba mkahawa mkubwa wa familia wa watu wa Likoni uko kisiwani na hauna paa. Namaanisha Mama Ngina, ile bustani ya ufuo iliyokarabatiwa na kutumika kwa sherehe za Mashujaa 2019. Ukishuka feri unatembea kidogo tu umefika. Mihogo ya kukaanga na chumvi, kachiri, madafu, watoto wanakimbia bila gari kuwatafuta, meli za makontena zinapita karibu mpaka mtoto anazipungia mkono. Wazazi wanabarizi. Familia nzima inaweza kutumia mia tatu. Ila rudi mapema. Foleni ya feri usiku, mtoto amelala begani, mkono wa kushoto umekufa ganzi, utajiuliza kama ile mihogo ilikuwa na maana.

Upande wenyewe wa Likoni, kuelekea Mtongwe, nimewahi kula viazi kwa mama mmoja ambaye ameweka mkeka chini ya mwembe kwa ajili ya wateja wenye watoto. Mkeka tu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akamchukua kitoto changu kabla hata sijakaa, akamweka mapajani akaendelea kukaanga kwa mkono mmoja, karai akalisogeza mbali na mguu. Sikuomba. Nilikula chakula kikiwa moto kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane. Kama una mtoto mchanga unaelewa hiyo sentensi ina uzito gani.

Sasa choo. Hakuna anayependa kuandika habari za choo kwenye makala ya chakula, lakini baba mwenye binti wa miaka minne hana budi. Akisema "baba, choo", una kama dakika mbili. Hoteli nyingi za mtaani choo kiko nyuma, kinatumiwa na ploti nzima, na ufunguo uko kaunta umefungwa kwenye kipande cha mbao kikubwa kuliko mtoto. Ni cha shimo, kina giza, sakafu ina maji. Penye viwili, cha wanaume siwezi kumwingiza na cha wanawake siwezi kuingia. Nimejifunza kumwomba mama yeyote aliye karibu, "Samahani dada, nisaidie na mtoto," na sijawahi kukataliwa. Lakini hebu fikiria hiyo maana yake: namkabidhi mtu nisiyemjua mtoto wangu kwa sababu hoteli haikufikiria kwamba baba anaweza kuja na binti. Kubadilisha nepi ndiyo usiseme. Inabadilishwiwa mapajani, au kitini, na mteja wa meza ya pili anavuta pua, na ana haki.

Kunyonyesha pia kuna mambo yake. Mei 2018 Nairobi, mama mmoja alisema aliambiwa na wahudumu wa mkahawa katikati ya jiji ajifunike au akanyonyeshee chooni. Wanawake wakaandamana mpaka mlangoni pa mkahawa, wengine na watoto vifuani. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea kazini, lakini hiyo inamlinda mfanyakazi. Mama aliyekuja kula pilau yake haimtaji. Huku Pwani leso imefanya kazi hiyo zamani bila bunge. Mke wangu hubeba mbili kwenye mkoba, moja ya kujitanda na moja ya kutandika. Hajawahi kufukuzwa popote. Anatazamwa tu. Ukiwa mwanamke pekee kwenye hoteli ya wanaume ishirini, na unanyonyesha, hayo macho yanatosha kukufanya useme kwaheri chakula nitakimalizia nyumbani.

Halafu kuna hii biashara ya bembea na pombe.

Mikindani, Bamburi, Kiembeni, mpaka njia ya Miritini, zimeota sehemu za nyama choma zenye uwanja wa watoto: bembea, kiteleza, na lile jumba la plastiki la kupuliziwa upepo. Kwa mzazi ni kama pepo. Mnakaa, nyama inachomwa saa nzima, watoto wanaruka, kuna nafasi, kuna choo. Shida ni kwamba mbuzi anachomwa hatua kumi kutoka kaunta ya bia, na kufika saa kumi na mbili muziki umepanda na watu wamebadilika sauti. Sheria ya vileo ya 2010, ile tuliyoizoea kwa jina la Mututho, hairuhusu mwenye leseni kumwachia aliye chini ya miaka 18 kuingia sehemu pombe inaponywewa. Wenye biashara wanakujibu kwamba watoto wako bustanini, baa iko ndani. Ukuta wenyewe ni maua ya kupanda. Julai 2025 serikali ilizindua sera mpya inayopendekeza, pamoja na kupandisha umri wa kunywa mpaka 21, kwamba pombe isiuzwe kwenye mikahawa na sehemu za burudani zinazotembelewa na watoto. Wamiliki wakalia, wanywaji wakacheka. Mimi sinywi, lakini sifurahii sera hiyo kama unavyodhani. Bembea hizo zipo kwa sababu bia ndiyo inazilipia. Ukiiondoa bia leo, kesho bembea zinauzwa kwa chuma chakavu, na hakuna kaunti itakayokuja kuweka nyingine Mikindani. Ningependa waanze kwa kutujengea uwanja, halafu tuongee habari za bia.

Na si bia tu. Kwenye vibanda vingi vya chai jioni kuna fuko la muguka mezani. Gavana Abdulswamad Nassir aliupiga marufuku Mei 2024, mahakama ikasimamisha amri, mambo yakarudi kama yalivyokuwa. Msimamo wangu ni rahisi: penye majani yametapakaa sakafuni na mtoto anatambaa, sikai. Mwenye kibanda akipoteza wateja wanne kwa sababu ya fuko moja, ataanza kuhesabu.

Ramadhani inageuza kila kitu. Mchana hoteli nyingi zimefungwa, nyingine zimeshusha pazia, na mtoto wa miaka minne hafungi. Mzazi unayetembea naye saa saba unajificha naye nyuma ya duka akila biskuti kama mmeiba. Hilo ni la adabu ya mji na silalamiki, beba chakula. Lakini subiri magharibi iadhiniwe. Barabara yote ya Kisauni inawaka taa, kaimati zinazama kwenye shira, viazi vya nazi, sambusa, uji wa pilipili manga, na watoto wako kila mahali mpaka saa tano usiku, hakuna anayeuliza mbona hawajalala. Mabenchi yanatolewa nje. Watu wanasogea wapishe mama na mtoto. Ndio mwezi pekee ambao naona mtaa wetu umejengewa watoto. Idd ikipita wiki moja, mabenchi yanarudi ndani.

Kwa hivyo nikaanza kuuliza wenye hoteli, si kwa ubaya, ninapokwenda kuandika habari zao: mbona usiweke pa watoto? Wengi wanafikiria ninataka kiti kirefu cha plastiki cha elfu kadhaa. Nawaambia sitaki. Nataka mkeka kwenye kona isiyopita moto. Nataka kikombe cha plastiki badala ya glasi. Nataka taa chooni na ndoano ya mlango inayofungika. Nataka mhudumu asiniambie kwamba meza ya penye feni ni ya wateja. Vyote hivyo havifiki bei ya kilo tano za nyama.

Mmoja, Mtopanga, alinisikiliza. Sidhani ni kwa sababu ya maneno yangu. Alikuwa na tatizo lake. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja hoteli yake ilikuwa tupu, wafanyakazi wanasinzia, chai inapoa. Kina mama wa chama kimoja cha mtaa walikuwa wanakutana nyumbani kwa mtu, wakagombana na mwenye nyumba juu ya kelele za watoto, wakamwomba nafasi. Akawatolea meza mbili za nyuma akatandika mkeka. Wanakuja Jumatano, kama kumi hivi, na watoto wasiohesabika. Wanaagiza chai ya maziwa, mahamri, viazi, na wakiondoka wanafungiwa chakula cha jioni kwa ajili ya waume. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomshangaza: mapato ya kufungia yamepita ya kukaa.

Mke wangu amejiunga nao mwezi uliopita. Ameniambia Jumatano nisipige simu kati ya tisa na kumi na moja. Mchango ni shilingi mia mbili, kila mtu anakuja na kikombe cha mtoto wake, na akimwaga, anayepangusa ni mama yake.